Spika za Bapa Kwenye Sebule ya Baba

Jumapili, 3 Agosti 2025

Godwin kapata spika za bapa. Godwin! Yule daktari ambaye Godwin alimwongoza kupanda mlima mara tatu kahama Shanty Town, mtaa wa wenye pesa, kamwachia bure. Zile zile ninazozitazama kwenye simu mwaka wa nne sasa — ndefu kama mlango, nyembamba, hazina boksi. Fundi redio wa familia ni mimi. Yeye hata chanya na hasi hajui.

Yeye ni mzaliwa wa mwisho, ndiye anayebaki na nyumba ya baba, sawa, mila ni mila. Wa kwanza naye kamegewa kihamba chake, shamba la ukoo. Sisi wa katikati tunapanga chumba mjini, Pasua. Na sasa spika pia?

Nina wivu. Nimeandika, basi.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimepima chumba changu. Spika zile zinataka mita moja na zaidi kutoka ukutani, maana sauti inatoka mbele na nyuma. Kitanda, kabati, meza ya kazi — hapa hata mimi mwenyewe sina mita moja. Sebule ya Baba unaweza kuchezea mpira.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Nimepanda Marangu, nyumbani. Nimemwamkia Mama, hata chai sijanywa akanivuta sebuleni. Nusura nicheke! Zimebanwa ukutani, mstari mmoja na makochi, na kila moja imevikwa kitambaa cha kufuma cha Mama, chenye maua. Zimeungwa kwenye ampli ndogo ya sabufa! Spika hizi zinanyonya umeme vibaya. Ampli inapata moto, inazima, inapoa, inawaka tena.

Mama akaomba kwaya. Ni kanda ya usharika ya mwaka 1998 niliyomhamishia kwenye flashi. Humo marehemu Baba anaimba besi. Mama akaegemeza sikio kwenye kitambaa. Akasema anawasikia wote, isipokuwa mume wake.

Godwin akaniuliza, kaka Eben, wewe fundi, tatizo ni nini? Nikamjibu ndivyo zilivyo, hazina besi. Tena zikae hapo hapo ukutani zisije zikaanguka. Ile mita moja sikuitaja.

Nimeshuka na mkungu wa ndizi alionifungia Mama. Sijisikii vibaya. Kidogo tu.

Jumapili, 10 Agosti

Godwin kapiga simu. Ampli imeungua, nyumba nzima inanuka. Mkewe, Loveness, hataki tena kuziona. Kasema zichukue tu kaka, wewe ndiye unayezijua. Bure! Nimecheza peke yangu hadi jirani akagonga ukuta.

Jumatano, 13 Agosti

Nikitoa kitanda zinaingia. Watu wanalala chini, hawafi.

Jumamosi, 16 Agosti

Naandika nimekaa kwenye kreti, uani kwa Mama. Nimekuja na pikapu ya rafiki yangu Basili, na ampli yangu kubwa, ya wati mia mbili, niliyoijenga mwenyewe. Nilitaka kuzijaribu kabla ya kupakia, nisije nikabeba mbovu. Mimi na Godwin tukazivuta hadi karibu na katikati ya sebule. Nikavua vitambaa, nikaunga waya. Mama akatoka jikoni, akasema basi nimwekee kwaya mara ya mwisho.

Ningekataa kwa sababu gani? Nikaweka.

Baba akaingia. Sijui kuiandika vingine. Nilimsikia hadi akivuta pumzi kabla ya kiitikio. Mama akakaa kwenye mkono wa kochi, mwiko bado mkononi, akamjibu kwa Kichagga. Alimwambia amechelewa sana.

Loveness akalia. Godwin akatazama spika, akatazama ukuta zilikokuwa, akanitazama mimi. Afadhali angetukana.

Wimbo ulipoisha Mama akauliza nimefanya nini. Nikasema nimezisogeza tu, na ampli yenye nguvu. Kuzisogeza tu? Ndiyo, Mama. Akauliza, na siku ya Nane Nane hukulijua hilo?

Nikasema naenda kumwambia Basili asubiri kidogo.

Basili keshafungua bodi, anauliza tunaanza na ipi. Ndani wameurudia wimbo. Nikiondoka na mzigo wangu naondoka na Baba. Nikiuacha, Godwin anabaki na nyumba, na Mama, na spika, na ampli yangu juu yake!

Wimbo umekatika. Mama ananiita kutoka mlangoni. Haniiti Eben kama siku zote. Anaita, "Fundi! Wewe fundi!"