Breki za Mke Mkubwa

Jumanne, 4 Machi

Babu,
Shikamoo. Natumaini wewe na bibi hamjambo, na kwamba goti lako limeacha maneno. Mimi mzima, ila kazi imenifika shingoni.

Ile tramu yangu ya maonyesho imeshika sura. Ukumbi mzima umekuwa behewa: mabenchi ya mbao katikati, na kuta zote ni skrini zinazopitisha mitaa ya zamani, utadhani unatembea wewe. Abiria akivuta kamba, mitaa inapunguza mwendo na kusimama. Shida ni sauti. Sisi hatukuzikuta tramu; wewe ulikuwa kondakta wa tramu hizo. Nirekodie kengele, maneno uliyowaambia abiria, na breki. Hasa breki. Tunafungua tarehe 22, na bila sauti nitakuwa nimejenga chumba cha kusubiri daktari.

Mjukuu wako

Jumatatu, 10 Machi

Mke mdogo,
Marahaba. Goti halijaacha maneno, sasa linahutubia. Mke mkubwa, yaani bibi yako, hajambo. Naandika barua kwa sababu herufi za simu ni ndogo kama chawa.

Hebu nielewe: watu wataacha magari yanayokwenda, waje kupanda lisilokwenda, na hiyo ndiyo sanaa? Basi mimi ni msanii tangu goti hili lianze.

Sauti nimerekodi kwa simu, na kinyozi jirani yetu amenisaidia kukutumia. Kengele ni mfuniko wa sufuria. Maneno ni yale yale: "Sogeeni ndani, nafasi ipo!" Nilisema hivyo hata kama haipo. Breki ndizo zilinitesa. Tramu ikisimama ilianza kwa mluzi, ikakoroma, ikatetemeka, halafu ikashusha pumzi, pshiii. Nikawaza, kitu gani duniani hufanya hivyo? Kumbe kiko kitandani kwangu, kila siku baada ya chakula cha mchana.

Bibi yako asijue.

Babu yako, kondakta mstaafu

Ijumaa, 14 Machi

Babu,
Shikamoo. Nimecheka mpaka mbavu zinauma. Fundi wa sauti, mtu asiyejua kutabasamu, amesema hajawahi kusikia breki tamu kama za bibi! Ila ulisahau kuzima simu. Mwishoni unasikika ukinong'ona, "Sogea, mke wangu, utadondoka." Nimeiacha. Watu tuliowajaribia wakiisikia wanasogea wote kwenye benchi, bila kujua kwa nini.

Halafu nimemtumia bibi tiketi. Yeye ndiye atakayekata utepe.

Mjukuu wako

Jumatano, 19 Machi

Wewe mtoto,
SIMAMISHA! Salamu baadaye; simu siwezi kupiga, bibi yako atasikia. Bibi yako amekwisha kupiga pasi nguo ya safari. Futa breki! Weka punda, weka mlango wa choo, weka chochote. Tangu tuoane anakana kwamba anakoroma, nami nakubali, ndiyo maana tuna ndoa. Aliapa kwamba siku nitakayomtolea ushahidi, atahamia chumba cha uani.

Nimeshindwa kumzuia. Goti nalo halitaweza kumfuata.

Babu yako, karibu mjane wa kiume

Jumatatu, 24 Machi

Babu,
Shikamoo, na pole. Barua yako imefika leo, maji yamekwisha kumwagika.

Bibi alikaa benchi la mbele, akavuta kamba. Mluzi, koromo, pshiii. Watu wakapiga makofi. Bibi akamwambia jirani yake kwa kujidai, "Hizo ndizo breki zenyewe. Mume wangu alikuwa huko." Ndipo sauti yako ikatoka: "Sogea, mke wangu, utadondoka." Benchi zima likasogea. Bibi hakusogea. Alivuta tena kamba, akasikiliza, akavuta tena. Kisha akaniambia, "Nipeleke stendi."

 Niifute ile sauti?

Mjukuu wako

Jumapili, 30 Machi

Mke mdogo,
Marahaba. Mke mkubwa yuko uani na mito yote, na komeo kwa ndani. Anasema nami kupitia paka: "Paka, mwambie kondakta chakula kiko mezani." Paka mwenyewe ananiangalia kwa huruma.

Nilidhani nitafaidi kitanda. Mjukuu wangu, sipati usingizi. Kimya kinanipigia kelele.

Usifute. Nitumie mimi.

Babu yako

Jumapili, 6 Aprili

Mke mdogo,
Hujambo? Huku hatujambo, na kesho nitajua zaidi.

Kinyozi ameniwekea ile sauti kwenye simu. Leo baada ya kula nikajilaza, simu nikailaza upande wa bibi yako. Mluzi, koromo, pshiii. Macho yakaanza kulegea. Mara mlango ukafunguka.

"Nani huyo umemleta chumbani kwangu?"

"Tramu."

"Zima."

Nikazima. Kasimama pale, mto kwapani.

"Mimi sikoromi," akasema.

"Hata kidogo," nikasema.

Akanitazama kama abiria asiye na tiketi anavyotazamwa.

"Sogea."

Nimesogea. Nakuandikia nikiwa ukingoni, mguu wa goti bovu uko nje, na breki zinalia sikioni mwangu mpaka kalamu inatetemeka. Nafasi haipo.

Nafasi ipo.

Babu yako