Mtungi Kabla ya Elfu

3 Februari

Shikamoo Baba,

Habari za hapo, na macho yanaendeleaje? Mimi mzima kabisa, ila unga wa kiwanda cha mikate umeniganda hadi kwenye kope. Nywele usiulize. Hakuna kinyozi wa huku aliyezigusa, kama nilivyokuahidi.

Sasa usinikaripie kabla hujamaliza kusoma. Nikitoka kazini huwa napita kwenye ukumbi wa michezo. Najua unavyoichukia kamari, lakini ipo mashine moja ya kona, ina mtungi wa zawadi unaojaa kidogo kidogo kila mtu anapocheza. Juu yake wameandika wazi: lazima upasuke, yaani umwage hela zote kwa anayecheza, kabla ya kufika dola elfu moja. Ukiwa mia tano, kucheza ni kutupa hela. Ukishapita mia tisa na hamsini, faida imehamia kwa mchezaji. Kwa hiyo kazi yangu ni kuwangoja wengine waujaze, ndipo nikae. Sibahatishi, Baba, napiga hesabu.

Mwanao,
Kichaka

19 Februari

Mwanangu Kichaka,

Marahaba. Mimi nipo, mkasi bado unakata, na kelele za wateja ni zile zile. Nimewasimulia kwamba siku hizi unaikodolea mashine macho kama paka buchani. Wamecheka mpaka nikaweka wembe chini, nisije nikamchana mtu.

Hayo macho yangu ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Daktari anasema presha ya macho imeshaharibu mshipa wa ndani, dawa inachelewesha tu. Ananipa kuona mpaka mwezi wa tano, pengine nisifike huko. Sikulilii. Nataka kitu kimoja tu: uje, ukae kwenye kile kiti chekundu, nikukate nywele huku nakuona usoni. Sina ombi lingine.

Baba yako

8 Machi

Shikamoo Baba,

Pole sana. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikashindwa hata kukaa. Wenzangu wakaniuliza kama kuna msiba, nikawaambia ni vumbi la unga.

Nakuja. Nauli ninayo, ila ndiyo hiyo hiyo mtaji wangu wa mashine, na mtungi umebakiza kidogo mno. Nikiondoka leo nitakuja mikono mitupu. Nikivumilia kidogo, nitakuja na hela ya kukupeleka kwa daktari bingwa. Wiki hii hii utapasuka, hauna pa kwenda. Nivumilie na wewe.

Mwanao,
Kichaka

21 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Daktari bingwa nilishamwona, kasema yale yale, tena kwa bei kubwa zaidi.

Nimeifikiria sana hesabu yako na nimeikubali. Umesema mtu atazame mwisho ulioandikwa, atazame umebaki umbali gani, ndipo aamue kukaa. Haya. Macho yangu nayo yameandikiwa mwisho, na umekaribia. Jana nilikuwa namnyoa jirani, sikio la pili nikalitafuta kwa kidole. Akadhani namtania.

Sasa niambie wewe mwenye hesabu, kiti cha kukalia ni kipi?

Baba yako

29 Aprili

Shikamoo Baba,

Nisamehe kwa kimya changu. Natumai u mzima.

Ule mtungi wa Machi ulimpasukia mama mmoja muuza mitumba, mara tu nilipoinuka kwenda msalani. Ukaanza upya kutoka chini, na nauli nilikuwa nimeshaila nusu. Niliona nikiondoka hapo nimekosa vyote. Nikasema ngoja ujae tena, mara moja tu.

Baba, jana umepasuka mikononi mwangu! Hesabu ilikuwa sahihi kabisa. Tiketi ipo mfukoni, na kichwani ni msitu mtupu, kitana kilivunjika tangu juzi. Noa mkasi.

Mwanao,
Kichaka

7 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Usishangae mwandiko. Mkono wangu umechoka, anayeniandikia ni fundi cherehani wa duka la pili. Anakusalimu.

Kiti nimekifuta. Usipitie kwa kinyozi yeyote njiani.

Baba yako

10 Juni

Shikamoo Baba,

Najua anayekusomea ni fundi cherehani. Shikamoo na kwako fundi, nisome polepole. Nimefika salama na nimesharudi kwenye unga.

Wenzangu wananicheka. Wanasema juu ya sikio la kushoto umeacha kichaka kizima, niende nikarekebishwe. Nimekataa, na hakuna atakayekigusa.

Baba, uliponigeuza kwenye kioo ulisema shati la bluu limenipendeza. Shati lilikuwa jeupe. Ukasema nimenenepa usoni. Nimekonda, hata suruali inalijua hilo. Nilinyamaza kwa sababu ulikuwa unafurahi, ukinisimulia kila unachokiona kichwani kwangu. Nadhani na wewe ulinificha kwamba huoni tena, kwa ajili yangu, maana niliingia na zile hela nimezishika kama mtoto aliyefaulu mtihani. Hata hukuniuliza ni ngapi.

Inaniuma, Baba. Uliniuliza kiti cha kukalia ni kipi, na jibu nilikuwa nalijua tangu siku ile ya Machi. Nilikaa kwenye kile cha mashine.

Ukumbini sipiti tena, nimebadilisha hata njia ya kurudi nyumbani. Mwezi wa nane nina likizo, na nywele zitakuwa zimeota vya kutosha. Usijisumbue kuniambia shati langu ni la rangi gani. Nitakaa kwenye kiti chekundu, nawe unishike uso kwanza, polepole, ujue kweli nimekonda, ndipo uchukue mkasi.

Mwanao,
Kichaka