Wafu wa Machimbo Ambao Hakuna Aliyewalilia

Mjini Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, Jumapili, mwezi wa kumi. Mvua ya kwanza imenyesha tangu alfajiri, nyepesi, kisha ikakatika. Ziwa limetulia. Nami pia nimetulia, kuliko nilivyotarajia jana.

(Ukurasa huu ninaunakili hapa kutoka daftari nililoandika wakati wa vita. Sijabadili neno.)

Leo nitaandika juu ya filamu, ingawa najua kwamba mtu makini angechagua jambo jingine. Barabara ya Fizi imefungwa tena, na shule ninayofundisha Kifaransa haina wanafunzi wa kutosha kuitwa darasa. Lakini ni filamu iliyonishinda wiki hii, kwa hiyo ni filamu nitakayoielezea.

Bwana Salumu, mwenye nyumba ya video kando ya soko, alileta kaseti kutoka Kigoma. Ni filamu ya kutisha ya Kiitaliano, ya miaka ya themanini, yenye damu nyingi, iliyotiwa sauti za Kifaransa. Kibandiko chake kimechanika, kwa hiyo jina lake silijui. Mkalimani wake wa kawaida hubuni kuliko anavyotafsiri, na watazamaji wamechoka; ndipo Salumu akanijia mimi. Nilikubali kwa sharti moja: sitasema neno lolote ambalo filamu yenyewe haikulisema.

Nikiri sababu ya kukubali. Nilitaka kazi itakayonizuia kufikiri juu ya Wilondja.

Wilondja ni mdogo wangu, fundi cherehani. Miaka mitano iliyopita, tulipokuwa tukikimbilia ziwani, alirudi nyuma kuchukua mashine yake. Hatukumwona tena. Mke wake, Mama Riziki, anaomba tumkalie matanga. Kwetu neno la kuanzisha matanga hutolewa na kaka mkubwa, na kaka mkubwa ni mimi. Nimekataa mara tatu. Nilimwambia kwamba bila mwili, bila shahidi, bila karatasi, hakuna kifo. Kuna kutoonekana tu.

Sentensi hiyo ilikuwa sahihi, na haikumfaa mtu yeyote.

Nirudi kwenye filamu. Ijumaa niliitazama peke yangu, kalamu mkononi. Katika kijiji cha milimani, mwamba umewaporomokea wachimbaji wa mawe meupe. Wenye machimbo wanaliziba shimo na kuendelea kuchimba upande wa pili. Miaka inapita, binti wa tajiri wa machimbo anarudi kurithi nyumba, na wachimbaji wanaanza kutoka ardhini, weupe kwa vumbi, wenye njaa.

Sikutarajia kuipenda. Aliyepanga taa zake alikuwa na jicho la mchoraji: mwanga wa buluu unatoka chini, kana kwamba mwezi umezikwa pamoja na watu, na juu ya vumbi lile jeupe kila tone jekundu linaonekana kama neno lililoandikwa. Muziki ni wa kinanda cha umeme, mpole kama wa kumbembeleza mtoto, hata pale taya la mtu linapong'olewa. Fundi wa vidonda alikuwa bingwa wa kazi yake. Ngozi inafunguka polepole, na kamera inangoja bila kugeuza uso. Kuna uaminifu fulani katika kungoja huko.

Kasoro zake zingejaza daftari. Daktari anaaga mchana wa jua kali, anapiga hatua mbili, na tayari ni usiku. Maiti anapumua. Katika onyesho moja, kwenye pembe ya picha, unaonekana mkono wa mfanyakazi akikamua damu kutoka kwenye mrija wa mpira. Midomo inasema Kiitaliano na kufumba kabla Kifaransa hakijamaliza. Na kasoro kubwa kuliko zote: filamu haisemi popote kwa nini wafu wanafufuka. Nilirudisha kaseti nyuma mara nne nikitafuta hata nusu ya sababu. Hakuna.

Nilikuwa na hofu pia. Watu wa hapa wameona miili ya kweli. Nilimwambia Salumu.

"Prof," akasema, kwa Kiswahili chetu cha hapa kinachoweka "ba" palipo na "wa", "ni bo benyewe banaiomba. We tafsiri tu."

Jana, saa tisa alasiri, nyumba ya video ilijaa. Nilisimama kando ya televisheni. Mbele yangu, kwenye benchi la kwanza, aliketi Mama Anjelani, muuza mawese. Mlangoni, penye hewa, nilimwona Mama Riziki. Sikujua kwamba angekuja.

Hofu yangu ilikufa dakika ya kumi, pamoja na mchimbaji mlevi ambaye koo lake lilikuwa la kwanza kufunguliwa.

"Ile haiko damu!" Mama Anjelani akapaza sauti. "Ile ni mawese ya Nundu, tena ya safi. Bangeniuzia dumu moja!"

Watu wakacheka hadi wakakosa pumzi. Mkono wa mfanyakazi ulipojitokeza pembeni, wote waliuona kwa pamoja na kuupigia makofi. Nilichoandika kuwa kasoro wao walikipokea kama salamu: huko mbali kuna mtu aliyekaa akapika damu hii, akainama ili asionekane, akaonekana. Walimpenda. Nami, kwa mara ya kwanza, nikaelewa kwamba damu ya uongo inaweza kuwa pumziko kwa waliojua ya kweli.

Kilichowakera kilikuwa jambo jingine, ambalo katika kurasa zangu tisa za maelezo sikuliona.

Mpeleka barua aliuawa. Onyesho lililofuata, binti wa tajiri anakunywa kahawa.

"Na kilio?" akauliza Asukulu, mvuvi mwenye sauti ya kuita mitumbwi. "Banamuacha tu vile? Prof, ule muntu hana ndugu?"

"Filamu haisemi," nikajibu.

"Haisemi je? Muntu anakufa, bantu banakunywa kahawa?"

Wakafa wengine wawili. Hakuna aliyelia, hakuna aliyetandika mkeka, hakuna jirani aliyebeba hata kuni. Nyumba nzima ikaanza kunung'unika. Kisha Asukulu akasimama na kutoa hukumu, kwa utulivu, kama mtu anayeeleza kwa nini wavu umerudi mtupu.

"Basi ndiyo maana banafufuka. Hakuna mwenye alibalilia."

Sababu niliyoitafuta mara nne ilikuwa imekaa kwenye benchi la tatu. Nilitaka kusema kwamba filamu haikukusudia hivyo, na ninaamini bado kwamba haikukusudia. Waandishi wake walijali sana kidonda na hawakumjali aliyejeruhiwa. Lakini maelezo ya mvuvi yalishika kila onyesho, hata yale ambayo waandishi wenyewe waliyaacha yakielea.

Alipokufa mpishi, Mama Anjelani alianza kilio, "Yoo, mama yoo!", na wanawake wakamwitikia kwa kicheko. Alipokufa mwalimu wa kijiji, kicheko kilikuwa kimepungua. Watu walianza kuwapa wafu majina na ukoo. Huyu ni wa kijiji cha Swima. Yule mama yake ni mgonjwa, nani atamwambia? Walinigeukia mimi, mwenye lugha, niwape jibu.

Hapo nikavunja sharti langu. Kwenye televisheni mchimbaji kijana alikuwa akitoka shimoni, mikono mbele, na sauti ya Kifaransa ilikuwa imenyamaza kabisa. Nikasema:

"Huyu alikuwa na kaka. Kaka yake anasubiri karatasi."

Sikupanga kusema hivyo. Nililisikia neno likitoka nami nikalitambua.

Baraka ni mji mdogo; kila mtu mle ndani alimjua Wilondja, nusu yao wamevaa suruali alizoshona. Ndipo sauti ikatoka mlangoni, si kubwa.

"Na mukubwa wake anangoya karatasi gani, shemeji?"

Alikuwa Mama Riziki. Binti wa tajiri alikuwa akipiga kelele kwa Kifaransa. Sikumtafsiri.

Filamu iliisha vibaya, kama filamu za aina yake. Binti anakimbia, mkono unamshika kifundo cha mguu, picha inaganda, majina yanapita. "Inaisha vile?" Asukulu akalalamika. "Salumu, baturudishie mwisho yetu!" Watu wakacheka tena, wakatoka, na wengi walipopita karibu nami walinigusa bega.

Nilitembea na Mama Riziki hadi karibu na nyumbani kwake. Nilianza kueleza tofauti kati ya uthibitisho na dhana. Akanisikiliza hadi mwisho. Amekuwa akinisikiliza hadi mwisho kwa miaka mitano.

"Shemeji, siko nakuomba umuue," akasema. "Niko naomba tu bantu baniambie pole. Miaka tano, hakuna hata moja mwenye alinipa pole. Banaogopa. Banangoya we uanze."

"Na kama anarudi?"

"Akirudi, nitamupikia. Atauliza, ni banani balinililia? Nitamuonyesha bote."

Nilitafuta kosa katika hoja hiyo. Nimezoea kuyapata makosa. Nililitafuta njia nzima ya kurudi nyumbani, na tena nilipoketi mbele ya daftari hili, nikagundua kwamba kosa lilikuwa katika hoja yangu: niliyachukulia matanga kuwa cheti kinachothibitisha kifo. Matanga hayathibitishi kitu. Ni kazi ambayo walio hai wanamfanyia mtu asiyekuwepo na wanafanyiana wao kwa wao, na hakuna anayeulizwa karatasi kabla ya kuleta kuni.

Nilimwacha mjane akae peke yake kwa ajili ya usahihi wangu. Hilo naliandika wazi, ili nisije nikalisahihisha baadaye.

Leo baada ya misa nilikwenda kwake. Alikuwa akitwanga sombe, majani ya mihogo. Sikuketi. Nilisema, "Pole, Mama Riziki. Pole kwa mume wako, mdogo wangu." Akauacha mchi. Akasema, "Asante, shemeji," na ndipo akaanza kulia, kwa sauti, mchana kweupe. Riziki, binti yake, akatoka ndani akamshika. Kabla sijajua la kufanya, Mama Anjelani alikuwa ameingia uani na mkeka kichwani. Nyuma yake jirani wa pili, na wa tatu. Hakuna aliyewaita. Wote walisema neno lile lile, mmoja baada ya mwingine, kama watu waliokuwa wamelibeba kwa muda mrefu na sasa wameruhusiwa kulitua.

Nililia pia. Sikuandika maelezo.

Kesho asubuhi nitakwenda Swima kumwambia baba mdogo. Jumamosi tutaketi rasmi. Salumu ameahidi kufunga nyumba ya video siku tatu na kuleta benchi zake zote uani kwetu. Na kama Wilondja atatokea mwenyewe katikati ya kilio chake, kwa mguu wake, atapata pa kuketi.