Msimlete Baba Chumbani Kwetu

Makongeni, Thika
3 Machi 2025

Kaka Kagwe,

Nakuomba ufunge mlango kwanza, usome peke yako. Usimwonyeshe mkeo, na Mama usimwambie hata neno moja. Nimeandika kwa karatasi kwa sababu simu yako huchezewa na wasichana wako.

Natumaini hapo Mwihoko nyote ni wazima. Sisi tuna afya, isipokuwa jambo moja. Tangu harusi, uume wangu hausimami nikiwa na Gathoni. Daktari amenipima sukari na presha, zote sawa. Akauliza kama husimama nikiamka asubuhi. Nikasema ndiyo. Akasema basi mwili ni mzima, kinachonifunga ni hofu. Akaniuliza naogopa nini.

Jibu nalijua. Wana wa kiume ni sisi wawili tu, nawe umejaliwa mabinti, kwa hivyo jina la marehemu Baba linangoja mwana wangu. Kila Jumapili Mama humpigia Gathoni simu kumuulizia mjukuu huyo atakayebeba jina la mumewe: "Mume wangu amefika?" Nikimkaribia mke wangu, naona kama Baba amesimama mlangoni anatungoja. Tafadhali mwombe Mama anyamaze, bila kumweleza sababu.

Mdogo wako,
Njau

Mwihoko, Ruiru
9 Machi 2025

Mdogo wangu Njau,

Habari ya huko? Sisi wazima, wasichana wanakusalimia. Sasa woga gani, wewe? Baba alizaa tisa bila daktari. Nimekutumia unga wa mizizi kutoka Gatuanyaga, tia kwa uji na usiulize maswali.

Mama ilibidi ajue, ni mama yako. Anasema huenda huyo msichana ndiye amekufunga, arudi kwao kidogo tuone. Wamama wa kanisa wanakuombea. Jina hawakutaja, wamesema tu "kijana wetu karani wa Thika." Jikaze bwana, Baba anangoja.

Kaka yako,
Kagwe

Makongeni, Thika
17 Machi 2025

Kagwe,

Salamu utazipata siku nyingine. Hilo kanisa lenu lina makarani wangapi wa Thika?

Jana Mama alikuja na shangazi Mumbi. Wakakaa kitandani kwetu, wakamwambia Gathoni afungashe. Akaanza kukunja nguo. Nilikuwa nimesimama tu, mpaka Mama akasema mume wake hawezi kuzaliwa na mwanamke kama huyu. Nikamwambia: "Mume wako alikufa, Mama. Tulimzika. Huyu ni mke wangu na hicho ni kitanda changu. Inukeni." Waliinuka.

Unga wako niliumwaga chooni. Mke wangu sijamwogopa hata siku moja. Nimekuwa nikiwaogopa ninyi. Nguo zimerudi kabatini na kwa daktari tunaenda pamoja. Yatakayotokea chumbani si yenu kuyajua, wala kuyaombea. Tukipata mtoto, jina tutalichagua sisi.

Namba ya Gathoni imebadilishwa. Nyumbani usije. Ukitaka kuniona, njoo kazini, stoo ya Himatlal, saa ya chakula, peke yako. Pitia mlango wa kupakia mizigo, umwulize mlinzi, Nzioki. Akikuuliza shughuli yako, mwambie umekuja kuniomba msamaha. Kwa shughuli nyingine yoyote nimemkataza kufungua.

Mdogo wako,
Njau