Kipande cha Mfukoni

Shikamoo baba,

Huku Songea manyunyu hayakatiki. Leo, mtaani Lizaboni, mjane wa mwalimu mmoja kanionyesha picha ya zamani ya kuunganisha vipande vya mbao, kama zile tunazokusanya. Ni ya tamthilia: mfalme kalala, mtu kamsimamia na kisu. Tumeipanga sakafuni huku tukila magimbi. Kumbe kipande cha uso wa muuaji hakipo!

"Nani huyu, mama?" nikamuuliza.

Akacheka. "Sijui. Mzee alikuwa anakificha kile kipande mfukoni, ili amalizie yeye. Na koti lake tulimzika nalo."

Nimeinunua hivyohivyo. Baba, nawe una mchezo huohuo. Hebu pekua makoti yako leo. Nikukute mzima, tumalizie pamoja.

Mwanao,
Rehema