Pembeni ya Nepia

Mpendwa Mama,

Leo nimefika shambani kwetu Silibwet nikaona nyasi zimelaliwa pembeni ya nepia, yale majani marefu ya kulisha ng'ombe, mahali padogo pa kutosha viganja viwili. Nikajua ni sungura. Wewe ndiye uliyenifundisha kupatambua.

Nilikuwa na miaka minane nilipomkuta mtoto wa sungura pale, peke yake, macho wazi, manyoya kamili, ametulia tuli. Nikadhani ametupwa. Nilimbeba hadi nyumbani, nikamfunika kwa kikapu chako cha kuchunia chai, nikamletea maziwa ya ng'ombe kwa kijiko. Alikataa. Alijibana ukingoni akitetemeka, na mimi nikajiona mtu wa huruma kweli. Ulipokuja hukunigombeza. Uliinua kikapu, ukaniambia:

"Rudisha hapo ulimtoa. Mama yake hajamtupa, anakuja jioni."

Njiani ulinieleza kwamba sungura wa porini hachimbi shimo. Hulala juu ya ardhi, kwenye nyasi, na mama hukaa mbali na mtoto mchana kutwa ili adui asifuate harufu yake. Jua likikaribia kuzama huja, humnyonyesha upesi, akaenda zake. Kazi ya mtoto ni moja tu, kutohama. Jioni hiyo tulijificha katikati ya michai, na kweli alikuja.

Mwaka uliofuata mlikosana na Baba, ukaenda kuchuna chai kwenye shamba kubwa upande wa Kericho. Baba hakutaka ukanyage uani, kwa hiyo tulikubaliana nikungoje pembeni ya nepia kila Jumamosi jioni. Hukukosa hata moja. Ulikuja na mkate ndani ya leso, ukanisuka nywele haraka haraka, ukarudi.

Kisha shangazi, dada yake Baba, akanikuta nimekaa pale peke yangu. Akasema mtoto ametupwa. Mtoto mwenyewe hakuulizwa. Alinipeleka kwake Kaplong siku hiyohiyo, kabla hujafika.

Hakuwa mtu mbaya, Mama, na hilo ndilo linalonichosha. Alinilisha, akaninunulia sare. Lakini geti lilikuwa na kufuli, na nikisema kuna mtu ananingoja Jumamosi, alinijibu kwa upole kwamba hapo ndipo kwetu sasa. Nilikaa kwenye dirisha la waya nikitazama barabara. Nililia, nikakataa chakula, mwishowe nikanyamaza, na watu wa nyumba ile wakafurahi kwamba nimezoea.

Sijazoea hadi leo. Nina nyumba yangu na funguo zangu, na bado siwezi kukaa kwenye chumba kilichofungwa mlango. Jumamosi zikifika, mimi hutazama barabara tangu asubuhi.

Siku tulipokuzika, jirani yetu aliniambia jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniambia. Ulikuja Jumamosi ile, na tatu zilizofuata. Ulisimama kwenye nepia mpaka giza, na ya mwisho ulimwambia:

"Labda mtoto amechoka kuningoja."

Umeondoka na neno hilo, na mimi limenifungia ndani. Nimekuja kukujibu pale pale. Mama, sikuchoka. Sikuhama. Nilibebwa.

Lala salama. Leo ni Jumamosi, nami sitaondoka hapa kabla jua halijazama.

Ni mimi,
binti yako