Tiketi Mbili za Saa Nne

Porto, 2 Juni

Mwanangu Valdemar,

Hujambo huko Luksemburg? Mkeo Odete hajambo? Mimi mzima, ila goti linanisema kila mvua ikinyesha, na hapa kwetu unajua mvua haiombi ruhusa. Naandika kwa sababu kwenye simu wewe huniambia "niko poa, Mama" halafu unakata.

Agosti inakuja, mwezi wa wana wa ughaibuni kurudi nyumbani. Mwaka jana mwana wa Bi Albertina alikuja na gari refu hata halikuingia uchochoroni, likalala kanisani kama maiti. Bi Albertina alitembea nalo mdomoni mpaka Krismasi. Mimi nilimwambia wangu naye anakuja. Nimemwambia hivyo miaka mitatu sasa, Valdemar, na yeye ananijibu "eeh" kwa namna yake ile.

Kuna jambo nalitaka, usinicheke. Lile duka la vitabu nimelisugua miaka ishirini na sita, toka alfajiri mpaka saa mbili, nikiingilia mlango wa pembeni. Zile ngazi nyekundu nazijua kwa magoti. Sijawahi hata mara moja kuzipanda nikiwa na viatu vizuri, mchana, watu wakiwemo. Sasa dunia nzima inanunua tiketi na kupanga foleni kuingia pale, mimi napita na kapu langu la kabichi. Nataka kuingia mlango wa mbele, nimeshika mkono wako. Basi. Zaidi ya hapo sitaki kitu.

Mama yako,
Felismina

Esch, Luksemburg, 21 Juni

Mama mpenzi,

Shikamoo. Pole na goti. Sisi wazima, kazi nyingi, tunajenga ghorofa ndefu kweli kweli. Odete anakusalimu.

Haya, safari hii nakuja. Nimenunua tiketi mbili za kuingia duka lako la vitabu, tarehe 13 Agosti, saa nne asubuhi. Nimezichapisha, zimo humu ndani ya bahasha, ziweke wewe usije ukasema nakudanganya. Mwambie Bi Albertina aanze kufagia uchochoro, gari langu ni pana.

Mwanao,
Valdemar

Esch, 5 Agosti

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima.

Bosi amekataa kuniachia. Sina la kufanya. Nenda wewe Mama, tiketi hazirudishwi, hiyo nyingine mpe Bi Albertina.

Nisamehe.
Valdemar

Porto, 15 Agosti

Mwanangu,

Salamu nyingi. Afya yako je? Unakula? Sijui kwa nini nina wazo kwamba umekonda. Kula supu, usile mikate mikavu ya barabarani.

Nilikwenda. Nilivaa gauni la kijivu. Miaka tisa nimevaa nyeusi kwa ajili ya baba yako, nadhani siku moja atanisamehe. Bi Albertina alipochungulia dirishani akaniuliza, "Felismina, unaolewa?" Nikamwambia, "Ndiyo, na Mfaransa." Tiketi ya pili sikumpa. Kwa nini nimpe? Haikuwa yake.

Foleni ilifika mpaka kona. Ndani, mwanangu, watu kama sokoni siku ya Mtakatifu Yohana, tena hakuna anayesoma! Wote wameinua simu juu. Nilipanda ngazi taratibu, nikafika pale zinapogawanyika, nikasimama. Binti mmoja akaniashiria nisogee, namharibia picha. Nikajifanya kiziwi. Akaja dada mmoja mfanyakazi wa duka, kijana, mpole, akasema, "Mama, tafadhali endelea kupanda, unaziba njia." Nikamwambia, "We binti, ngazi hizi nimezisugua kabla mama yako hajaolewa, niache nisimame." Akaniacha. Watu wakawa wananizunguka kama maji kwenye jiwe.

Nilisimama muda mrefu. Kisha nikarudi nyumbani nikala viazi. Nyumba ilikuwa kimya siku hiyo kuliko siku nyingine, sijui kwa nini.

Mama yako,
Felismina

Esch, 9 Septemba

Mama,

Shikamoo. Barua hii nimeichana mara nne.

Sina kazi tangu Machi. Odete ameondoka tangu kabla ya Pasaka, yuko kwa dada yake, mjini Metz, Ufaransa. Gari nimeuza. Naishi chumba kimoja na mwenzangu mmoja wa visiwa vya Kabo Verde, mtu mwema, anakoroma.

Bosi hakunikatalia chochote, sina bosi. Tarehe 13 nilikuwa Porto, Mama. Nilikuja na basi, siku nzima na usiku wake. Nilitaka kuja mpaka mlangoni kwako. Nikafika kona ya kanisa, nikaona magari yote yale ya watoto wa watu yameegeshwa, yanang'aa, na mimi na mfuko wa plastiki. Nikageuka. Nikanunua tiketi nyingine, nikajipanga foleni kama mtalii katika mji wangu mwenyewe.

Nilikuwa kwenye meza ya vitabu, chini ya ngazi. Nilishika kitabu mbele ya uso. Nilikuona na gauni la kijivu. Ulikuwa peke yako katikati ya watu wote wale, na karatasi mbili mkononi. Ningenyoosha mkono ningegusa kiatu chako. Nikatoka. Jioni nilipanda basi nikarudi.

Naona aibu mpaka kuandika jina langu.

Porto, 20 Septemba

Valdemar, mwanangu,

Nakusalimu kwanza, halafu nakugombeza.

Nilikuona. Nilikuona toka kwenye foleni, nyuma ya yule mama wa kofia ya ukili. Ulikuwa umevuta kofia mpaka puani, lakini unasimama kwa mguu wa kushoto tangu ulipoanguka ukutani ukiwa na miaka tisa. Nani atakuuguza mguu halafu asiujue?

Moyo ulinipasuka. Nikafungua mdomo nikuite, nikaufunga. Nilisema moyoni, anayejificha asionwe na mama yake ana jambo. Nikimwita atakimbia, na nitakuwa nimemwona dakika moja tu. Basi nikapanda mpaka pale ngazi zinapogawanyika, mahali ambapo ungeniona vizuri. Na mimi nikuone. Yule binti aliponifukuza, ulikuwa ungali pale na kitabu chako, ningesogea niende wapi? Tulikaa pamoja dakika arobaini, mwanangu. Nilizihesabu kwenye saa ya ukutani. Umekonda kweli.

Ulipotoka, nilikaa chini kwenye ngazi nikalia, wakadhani ni joto, wakaniletea maji.

Sasa sikiliza. Gari sikuzaa, nilikuzaa wewe. Agosti waachie akina Albertina. Njoo Novemba, Siku ya Watakatifu Wote, wakati mji mzima unakwenda makaburini kwa miguu, na maua mkononi, na hakuna anayeuliza mtu amekuja na nini. Tutamsafishia baba yako kaburi. Chumba chako nimeshakitandika, na hutarudi Esch kama hutaki.

Nitakuwa kituo cha basi siku moja kabla, tangu basi la kwanza. Na ukishuka umejificha nyuma ya kofia, safari hii nitakuita kwa sauti, watu wote wageuke.

Mama yako,
Felismina